Mchezo Nilioucheza Miaka Minane

Kijana akisema ya kuwa amecheza mchezo mmoja wa kompyuta kwa muda wa miaka minane, na ya kuwa bado anaupenda, wenzake humcheka. Humwuliza, "Kwani huna mwingine?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi bwenini, nami leo napenda kulijibu kwa kirefu katika gazeti letu, maana bwenini kengele ya kulala hulia kabla sijafika mbali. Kweli, nilipoanza sikuwa na mwingine. Lakini sasa michezo ipo mingi, hata katika simu ya baba imo, na bado nikifika nyumbani Guta wakati wa likizo huuendea ule ule wa zamani.

Mchezo wenyewe huitwa Project I.G.I. Ulitengenezwa na kampuni ya Innerloop Studios ya nchi ya Norwei, ukatolewa na Eidos Interactive mwezi wa Desemba mwaka 2000. Kwa hiyo umenizidi umri kwa miaka saba na zaidi. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Naingia ndani". Mchezaji huwa mtu mmoja aitwaye David Jones, ambaye zamani alikuwa askari wa kikosi cha SAS cha Uingereza. Jones hutumwa peke yake katika ngome za maadui huko Ulaya ya Mashariki, ambako bomu la nyuklia limeibwa. Kazi anazopewa ni 14, na kila kazi ni ngumu kuliko iliyotangulia.

Kwa wazazi na walimu ambao hawajapata kuuona, napenda kueleza ya kuwa huu ni mchezo wa kunyemelea. Bunduki zimo tele, lakini mwenye kuzitumia ovyo hafiki mbali. Akifyatua risasi mahali pa wazi, walinzi husikia, mmoja hukimbilia king'ora, na mara askari hutoka kambini mfululizo kama kumbikumbi baada ya mvua. Jones mwenyewe si jitu la hadithini; risasi chache tu humwangusha. Basi yampasa apande kilima kwanza, atoe darubini, ahesabu walinzi, aone nani asimamaye mnarani na nani azungukaye nyumba. Anayo pia ramani inayoonyesha ngome kutoka angani, kama mtu atazamaye kwa setilaiti. Akiingia ndani yampasa atafute kompyuta ya maadui azime kamera zao, au apande ngazi ateleze kwenye waya kutoka paa hili hadi paa lile. Mtu mwenye subira aweza kukaa nyuma ya ukuta dakika tano nzima asifanye kitu ila kutazama.

Tena liko jambo moja lililowaudhi watu wengi mchezo ulipotoka, na wakosoaji wa wakati ule waliulaumu sana kwa ajili yake. Ukiwa katikati ya kazi huwezi kuhifadhi pale ulipofika. Ukifa, hata kama umebakiza hatua kumi tu, huanza kazi yote upya. Kazi moja yaweza kula nusu saa au zaidi. Nimekwisha ona kaka za watu, wenye ndevu, wakisukuma kibodi na kutoka nje bila kuaga.

Lakini mimi naona ya kuwa jambo hilo walilolilaumu ndilo lililouweka mchezo hai. Mwaka 2003 watengenezaji wale wale walitoa mchezo wa pili, ambao humruhusu mchezaji kuhifadhi mara chache katika kila kazi. Niliucheza siku mbili mjini Bunda kwa rafiki yangu. Picha zake ni nzuri zaidi, askari wake wana akili zaidi, na silaha zake ni nyingi zaidi. Hata hivyo mkono wangu haukutoka jasho. Nilijua ya kuwa nikianguka nitaamka hapo hapo, na mtu ajuaye hivyo haogopi kona.

Kompyuta yetu ni ya mezani, ya aina ya Pentium 4. Ilikuwa ya mjomba, aliyekuwa na steshenari mjini Bunda. Alipofunga duka mwaka 2017 alitupatia, nami nilikuwa Darasa la Tatu. Mchezo ulikuwa tayari umo ndani yake, maana mjomba alikuwa akiucheza mchana wateja wanapokuwa wachache. Mashine ya namna ile haiwezi kubeba michezo ya siku hizi. Ukijaribu, husimama kama punda aliyekataa mzigo. Kwa hiyo ulikuwa I.G.I. au hakuna, nami na mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano, tukaucheza huo.

Miaka minne ya kwanza tuliishi kwa hofu, nayo ilikuwa hofu tamu. Hatukujua Kiingereza cha kutosha kusoma maagizo, hivyo tuligundua kila kitu kwa kufa. Tuliwapa walinzi majina. Mmoja tulimwita Mpima Viwanja, kwa kuwa huenda hatua zile zile mbele na nyuma mchana kutwa kana kwamba anapima kiwanja cha mtu. Mwingine, asimamaye mnarani na bunduki ndefu, tulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa haondoki juu. Nilipofika Darasa la Saba niliweza kumaliza kazi zote 14. Ndipo matatizo yakaanza.

Tatizo lilikuwa hili: nilijua kila kitu. Nilijua ya kuwa Mpima Viwanja akifika kwenye pipa hugeuka. Nilijua ni dirisha lipi lina mtu na lipi halina. Nilipita katika ngome kama mtu apitaye sebuleni kwake usiku bila taa. Sikufa, lakini pia sikufurahi. Mdogo wangu alikuwa akikaa kando yangu kwenye kigoda, akawa anapiga miayo, na mwisho akaacha kuja. Wakati huo huo baba alinunua simu kubwa, nayo ilikuwa na michezo ya kukimbiza pikipiki na ya kupanga peremende. Jioni zote mdogo wangu alikuwa amejikunja na simu ile pembeni mwa nyumba, nami nilikaa na kompyuta peke yangu. Tulilala chumba kimoja, lakini hatukuwa na la kuzungumza. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kukiri kwa mtu.

Babu yetu hucheza bao kila siku alasiri na wazee wenzake chini ya mti. Nilimwuliza, si kwa heshima ya kutosha labda, kama hachoki na mchezo mmoja tangu ujana wake. Mashimo ni 32 na kete ni 64, hazipungui wala haziongezeki. Babu alicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi sichezi na kete. Nacheza na huyu mzee mwizi aliye mbele yangu, naye leo hakuamka kama alivyoamka jana."

Nilikwenda nikiwaza maneno hayo. Katika bao mtu wa upande wa pili hubadilika. Hujifunza, husahau, hukasirika, huugua jino. Askari wa I.G.I. hajifunzi. Nimempita Mpima Viwanja mara mia, na mara ya mia na moja ananipa mgongo vile vile. Basi ikiwa adui hawezi kubadilika, hakuna wa kubadilika ila mimi. Tena sikuweza kubadilika kwa kuwa hodari zaidi, maana uhodari ndio ulioleta uchovu. Ilinibidi nijipunguzie.

Mfano niliupata nyumbani, katika kombolela. Kila mtoto wa Tanzania ameucheza. Mmoja hufumba macho na kuhesabu, wengine hujificha. Akimwona mtu hulitaja jina lake na kukimbia kugusa kituo. Lakini yule wa mwisho aliyejificha, akiweza kunyemelea na kugusa kituo kabla ya mtafutaji, hupiga kelele "Kombolela!" na wote walioshikwa wamekombolewa. Mchezo huu nao ni wa kunyemelea, wala hauhitaji umeme. Pale kwetu pa kujifichia ni pale pale tangu nilipozaliwa: nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa ufukoni, kwenye chanja za kuanikia dagaa, nyuma ya matangi ya maji. Ingekuwa ni mahali tu, tungechoka tangu zamani. Lakini watoto huongeza masharti. Usiku huu hakuna kwenda ufukoni. Usiku huu ni ruhusa kubadilishana mashati, na mtafutaji akikosea jina huanza upya. Usiku huu wawili wawili, mmefungwa mguu kwa mguu. Hakuna mzee aliyetufundisha masharti hayo. Yalizaliwa siku zile mchezo ulipoanza kuchosha.

Ndipo nilipomwendea mdogo wangu nikamwambia, "Tuweke viapo."

Kiapo cha kwanza kilikuwa cha king'ora. Tulipatana ya kuwa king'ora kikilia hata mara moja, kazi imekwisha, tunaanza upya hata kama Jones ni mzima. Zamani tulikuwa tukikisikia kinalia nasi tunapigana mpaka tunyamazishe. Sasa sauti ile ikawa ni kifo. Kwa kiapo hicho kimoja walinzi tuliokuwa tumewadharau wakarudishiwa heshima zao. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa shahidi, nami nilikuwa shahidi wake. Naona shahidi ni wa lazima, kwa kuwa kiapo cha mtu aliye peke yake ni kama mlango uliofungwa kwa uzi.

Kiapo cha pili kilikuwa cha ramani. Tulijikataza kufungua ramani ile ya angani. Badala yake tulipanda vilima, tukatazama kwa darubini, tukachora ngome katika daftari. Wazazi watapenda kusikia ya kuwa daftari lilikuwa la Jiografia. Sitasema ya kuwa mchezo ulinifaulisha Jiografia, maana hilo si kweli. Lakini mwalimu alipotufundisha skeli na mistari ya mwinuko nilikuwa na mahali pa kuviweka kichwani. Ngome tuliyoijua miaka mingi kwa ramani tukaikuta ngeni kabisa kwa miguu. Kumbe tulikuwa tumeijua kwa macho ya ndege tu.

Viapo vingine vilishindwa, navyo vyafaa kutajwa. Tulijaribu kiapo cha saa, yaani kumaliza kazi kwa dakika chache iwezekanavyo. Siku mbili kilitufurahisha, siku ya tatu kilituchosha kabisa, kwa sababu mtu mwenye haraka hatazami kitu; huona walinzi kama mawe ya kuruka tu. Tulijaribu pia kupita bila kuua mtu yeyote. Katika kazi chache tuliweza, katika nyingi hatujaweza mpaka leo, lakini hiki hatujakiacha. Rafiki mmoja wa mjini alituletea katika flashi programu ndogo ya kumfanya Jones asife kabisa. Tulicheka nusu saa, tukiwa tumesimama uwanjani askari wakitumiminia risasi bure. Baada ya hapo hatukuugusa mchezo wiki tatu. Programu ile tuliifuta, na kwa maoni yangu hakuna sumu iuayo mchezo upesi kama hiyo.

Nilipopata kusoma zaidi juu ya michezo ya namna hii, niliona ya kuwa hata kuzaliwa kwake kulitokana na upungufu. Mwaka 1981 Bwana Silas Warner wa Marekani alitunga Castle Wolfenstein, mchezo wa mfungwa anayetoroka katika ngome, ambamo risasi ni chache na kujificha ni bora kuliko kupigana. Mwaka 1987 Mjapani Hideo Kojima aliagizwa na kampuni ya Konami kutunga mchezo wa vita kwa ajili ya kompyuta iitwayo MSX2. Mashine ile haikuweza kuonyesha maadui na risasi nyingi kwa wakati mmoja. Kojima akaona, ikiwa vita haviwezekani, na tucheze kuvikimbia. Ndivyo ulivyopatikana Metal Gear. Tena wapenzi wa Thief, mchezo wa mwizi wa usiku uliotoka mwaka 1998, wamekaa nao zaidi ya miaka 20. Wamejitungia masharti makali kuliko ya mtunzi mwenyewe: upite kama mzuka, usionekane, usisikike, usiache alama. Wengine wametunga majumba mapya ya kuibiwa na kuyagawa bure. Niliposoma hayo nilifurahi sana, kwa kuwa Guta na hao wote hatukupata kuandikiana barua, nasi tulikuwa tumefika njia moja.

Lakini ufumbuzi ulio mkubwa kuliko viapo vyote ulitokana na ugomvi. Project I.G.I. ni mchezo wa mtu mmoja. Hauna nafasi ya wawili. Kila jioni tuligombea zamu, na mama akatishia kuchomoa waya. Mdogo wangu akashika kipanya, mimi nikakataa kuachia kibodi. Tulivyokuwa tumeng'ang'ania hivyo, tukagundua ya kuwa Jones anakwenda! Kibodi ni miguu, kipanya ni macho na mikono. Mimi namtembeza, ndugu yangu anatazama na kulenga. Jioni ile Jones alitembea kama mlevi. Aligonga kuta, akaanguka mnarani, akamwelekea Mwenyekiti kifua wazi huku akitazama mbingu. Tulicheka hata mama, aliyekuja kututenganisha, akauliza kulikoni.

Tangu siku ile mchezo umekuwa mpya, wala sioni dalili ya kuchakaa. Nijue ngome namna gani, sijui ndugu yangu atatazama wapi. Yampasa aniambie, "Simama," "Kushoto kidogo," "Inama, kaka, inama!" Nami yanipasa nimwamini, kwa kuwa nikienda kwa akili yangu tu, macho yatakuwa kwingine. Yeye ni mwepesi wa kufyatua. Mimi ni mzito wa kuondoka. Makosa yake nimekwisha yajua, naye ameyajua yangu, na siku hizi hata tukiwa kisimani twazungumza juu ya namna ya kuvuka uwanja wa kazi fulani. Simu ya baba bado ipo, na mara nyingine huichukua. Jambo hilo halinikeri tena.

Lazima niseme neno juu ya malalamiko ya watu wazima, kwa kuwa yana haki. Walimu husema michezo ya bunduki huwafundisha vijana ukali. Sipendi kubishana nao, bali nasema nilivyoona mwenyewe: katika mchezo huu yule apendaye kupiga bunduki ndiye achokaye kwanza. Apiga, afa, apiga, afa, kisha aenda zake. Tuliobaki ni wale tupendao kupita bila kuonekana. Lalamiko la muda lina nguvu zaidi. Sisi tuna saa moja kwa usiku, baada ya kazi za nyumbani, na sharti hilo liliwekwa na mama. Mawingu yakikusanyika upande wa ziwani wakati dagaa wameanikwa, saa hiyo hufutwa. Kila mtu hutoka mbio kukusanya, na Jones hubaki amechutama kichakani akitungoja. Kutungoja anaweza. Asichoweza ni kustahimili umeme ukikatika, na mara moja ulikatika tukiwa tumebakiza mlango mmoja tu.

Likizo ya Juni mwaka huu ndipo tulipokaribia kuupoteza mchezo wote. Baba ni mvuvi wa dagaa, na taa zake za wavuni zilikuwa zimeharibika mbili. Alikuwa amempata mtu wa mjini wa kuinunua kompyuta. Alitwambia wakati wa chakula, kwa upole, ya kuwa mashine ile hailishi mtu, na taa hulisha. Hatukuwa na la kujibu. Ni kweli, ada zetu na daftari zetu zimetoka katika taa zile. Mdogo wangu hakula akamaliza, akainuka akanawa.

Wavuvi wa dagaa hutegemea giza. Taa huelea juu ya maji, dagaa huifuata nuru wakakusanyika, kisha wavu huvutwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, dagaa hutawanyika, na wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa wakishona nyavu. Basi siku hizo za mbalamwezi baba alikuwapo. Usiku wa kwanza alivuta kigoda akakaa nyuma yetu akitengeneza kamba, bila neno. Tulikuwa chini ya kiapo cha kisu, yaani hakuna silaha nyingine yoyote, nasi tulikuwa katika kazi ya tano. Tulijibanza nyuma ya ukuta tukingoja mlinzi apite. Alipopita, ndugu yangu akasema "Twende," nikaenda, na mara tukauawa na mwingine.

Baba akasema, "Mmevuta wavu mapema."

Tukageuka kumtazama. Akaendelea na kamba yake. Akasema, "Mnamtazama yule wa karibu, naye mmekwisha mjua. Mimi namtazama wa mbali. Huyo wa mbali akifika kwenye nguzo hukaa kidogo, kisha hurudi. Ngojeni arudi."

Tulianza upya. Kufika pale tena kulituchukua dakika 20. Baba aliweka kamba chini. Alihesabu kwa vidole juu ya goti, kama ahesabuvyo wakiwa ziwani kabla ya kuvuta, na tulipotaka kuondoka alisema "Bado." Tukangoja. Mlinzi wa karibu akapita, akarudi, akapita tena. "Bado." Jasho lilinitoka mkononi, jambo ambalo halikunipata katika kazi ile tangu nilipokuwa Darasa la Nne. Kisha akasema, "Sasa," kwa sauti ndogo, nasi tukavuka uwanja wote hakuna aliyegeuka.

Usiku uliofuata baba alikula upesi. Hakupata kugusa kipanya wala kibodi, ingawa tulimkaribisha. Alisema macho yamtosha. Lakini alikuwa amekwisha pata cheo chake. Mimi ni miguu, ndugu yangu ni mikono, baba ni saa. Mama alisema ya kuwa nyumba sasa ina watoto watatu. Usiku wa nne tulimaliza kazi ya tano kwa kisu, na baba akauliza ya sita ikoje.

Juu ya kuuza kompyuta hakusema ameghairi. Mwezi ulipopungua alirudi ziwani, na kwa mauzo ya majuma yale alinunua taa moja badala ya mbili. Yule mtu wa mjini alipopiga simu, nilimsikia baba akimwambia ya kuwa watazungumza mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka utafika, na taa ya pili bado inahitajika. Sijui itakuwaje, wala siwezi kumlaumu akiamua kuuza.

Siku ya wazazi baba alikuja kunitembelea hapa shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza juu ya mtihani wa Kidato cha Nne na kama ninalala vya kutosha. Alinipa salamu za babu, na karanga za mama. Kisha, alipokuwa akiondoka kwenda kupanda gari, alisema ya kuwa mdogo wangu amejaribu kazi ya sita peke yake, miguu na mikono, akashindwa, na kwamba yeye baba ameona mlinzi mmoja upande wa geti ambaye sisi hatujapata kumtilia maanani. Hakunieleza zaidi. Alisema nisome kwanza, mlinzi hataondoka.

Mtihani utakwisha, nami nitarudi Guta. Nimekwisha tazama kalenda iliyo ukutani katika chumba cha kulia ili nijue mwezi wa Desemba utakuwa mpevu lini. Kibodi ni yangu. Ndugu yangu ameapa hataachia kipanya.